Cheti cha SIL cha Presostati: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika karakana nyingi za Lubumbashi, iwe ni za kompresa za hewa, za boila au za mitambo ya asidi inayohudumia migodi, karatasi yenye herufi SIL (kiwango cha kutegemeka kwa usalama, ambacho namba yake ikipanda nacho hupanda) hupokelewa kwa heshima kubwa. Mnunuzi huidai, muuzaji huitia kwenye kisanduku pamoja na presostati (swichi inayokata umeme shinikizo likifika kiwango kilichowekwa) au temostati (swichi ya namna hiyo kwa joto), kisha hufungiwa kabatini kana kwamba kazi imekwisha.

Dhana iliyozaa nyingine zote ni kwamba presostati iliyoandikwa SIL 2 huufanya mtambo mzima kuwa wa SIL 2. Sivyo. Katika kanuni za IEC 61508, za kimataifa kuhusu usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki, ambazo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2010, SIL ni sifa ya kazi nzima ya usalama: kinachohisi, kinachoamua, na kinachofunga au kukata. Cheti cha presostati kinasema tu kwamba kifaa hicho kinafaa kuingia katika kazi ya kiwango hicho, kwa masharti yaliyoandikwa katika mwongozo wake wa usalama, ambao kwa bahati mbaya ndio unaotupwa pamoja na kisanduku.

Tuchukue tarakimu za mfano. Presostati ina hitilafu 2 za hatari zisizojionyesha kwa kila saa milioni 10 za kazi. Ikipimwa kila mwaka, uwezekano wa wastani wa kuikuta imekufa siku inapohitajika ni takriban 0.0009, yaani kasi ya hitilafu mara nusu ya muda kati ya vipimo viwili. Vali inayofunga mvuke, ambayo huchoka zaidi, tuipe 0.003. Jumla ni 0.0039, na kwa hesabu hiyo tumo ndani ya SIL 2, inayoanzia 0.001 na kuishia chini ya 0.01. Sasa acha kupima kwa miaka 5: presostati inafika 0.0044, vali 0.015, na jumla ya 0.0194 inatushusha hadi SIL 1, ilhali cheti kingali kabatini, hakijafutwa hata herufi moja.

Wapo wanaosema pia kwamba kifaa cha kimakanika, chenye kiwambo, springi na swichi ndogo, hakiwezi kupewa cheti kwa kuwa hakina elektroniki. Kinaweza, kwa sababu mgusano wake wa umeme unakifanya kiwe sehemu ya mfumo wa umeme wa usalama, na kwa kuwa namna zake za kuharibika zinajulikana vyema huhesabiwa katika aina A, ile iliyo rahisi kutathminiwa. Hakina programu ya kukaguliwa. Lakini urahisi huo una gharama yake: transmita, kifaa kinachopeleka kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, huonyesha kipimo kinachopanda na kushuka mchana kutwa, na ikiganda fundi makini atashtuka, ilhali presostati hukaa kimya miaka mitatu, na ukimya wa iliyo nzima haupishani na ukimya wa iliyokufa. Ndiyo maana mgusano wake hufungwa wakati kazi ni ya kawaida na kufunguka kwenye hatari, ili angalau waya ukikatika mtambo usimame.

Kufunga presostati mbili badala ya moja husaidia, ila si pale zote mbili zinapopumua kupitia kamrija kamoja. Na cheti cha SIL hakisemi lolote kuhusu gesi zinazolipuka wala kuhusu vumbi letu jekundu la kiangazi. Hayo yana vyeti na alama zake.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya mlio: kwamba presostati ikilia «tik», usalama upo. Katika kiwanda kimoja cha Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, fundi kijana aliifungua presostati ya boila, akaileta mezani, akaisukumia hewa kwa pampu ya mkono. Sindano ya manometa ilipofika bari 8 tukasikia «tik», na omita ikaonyesha mgusano umefunguka. «Papa, ni nzima,» akaniambia, na kuhusu kifaa alikuwa sahihi. Nikamwomba afungue na kamrija kalikounganisha presostati na boila. Aliingiza waya mwembamba, ukakwama baada ya sentimita chache. Mle ndani chumvi za maji zilikuwa zimeganda kama chokaa ya ukutani. Shinikizo la boila lingepanda hata kupita bari 8 bila presostati kupata habari. Kipimo cha kweli huanza kwenye mtambo wenyewe na kuishia pale vali inapofunga au kichomeo kinapozimika, si mezani.

Temostati nazo zina meza yao, yaani sufuria. Wengi huzitumbukiza kwenye maji yanayotokota wakiamini wanazipa nyuzi 100, na zisipokata wanazungusha skrubu ya kurekebishia. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi. Anayeirekebisha temostati ikate kwenye mtokoto huo, kisha akaandika 100 kwenye fomu, ameiharibu iliyokuwa nzima kwa nyuzi 4, na mkaguzi atakayekuja kesho ataikuta fomu imejazwa vizuri kabisa.