Bibi wa Mtunya na meli iliyozama

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na tangu Januari nimekaa na mswada mmoja hapa Dodoma. Una nyakati mbili: mjukuu wa leo, na bibi yake wa mwaka 1944 ambaye mumewe, askari wa mizinga, alipanda meli Mombasa asirudi tena. Mume ni wa kubuni, meli si ya kubuni. Khedive Ismail ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, tarehe 12 Februari 1944, ikielekea Colombo. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Humo walikuwamo pia wauguzi na wanawake wa jeshi la majini la Uingereza. Wanawake 77 walikufa; sita wakaokoka.

Mwandishi alikuwa amempa muuguzi mmoja kurasa kumi na moja za kuagana na wenzake meli ikizama. Nikazikata. Meli ile ilizama chini ya dakika tatu, muda usiomtosha mtu hata kufunga boya vizuri. Kisa cha mwanamke yule kianzie majini, pale manowari za Kiingereza ziliporusha mabomu kuiwinda nyambizi huku watu wao wenyewe bado wanaelea.

Huku bara, siku ileile, mswada ulimweka bibi shambani akivuna mtama. Februari? Ugogoni, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, Februari mtu anapalilia, jicho liko mawinguni.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni sanduku la barua za zamani. Riwaya za namna hii hulipenda: mjukuu anafungua, barua zinaongea. Bibi huyu hakujua kusoma. Anajulikana kuwa alizaliwa Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Wagogo huzipa njaa majina, na mzee hukutajia umri wake kwa njaa. Basi kwa nini sura zake ziandikwe "Februari 1944"? Tarehe ziachwe melini, kwa wenye saa. Sura za bibi zihesabiwe kwa njaa na mvua.

Na mjukuu naye awe na shida yake. Nilipendekeza shamba la ukoo lipimwe viwanja, maana mji unapanuka tangu serikali ihamie huku, aulizwe nani alilima pale kwanza na lini. Hapo atamhitaji bibi kwelikweli, si kwa udadisi wa sanduku.

Jana mwandishi kaniuliza: habari ya kifo imfikieje bibi? Ije barua ya serikali, nikamwambia, ila mtu amsomee. Amenyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Asome nani, shemeji yake?" Shemeji ndiye anayelitaka lile shamba.