gpiozero hailindi pini zako

Wengi wanaoanza na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo yenye pini za kuunganishia nyaya, hudhani wakishaipata gpiozero, shughuli ya nyaya imekwisha. Wapi! Maktaba hiyo ya Python (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuendesha pini) inakufupishia kuandika tu: mistari mitatu, na sensa ya HC-SR04 inakupa umbali kwa mita. Lakini mguu wake wa Echo unarudisha volti 5, na pini za Pi ni za volti 3.3. Weka rezista ya omu 330 kati ya Echo na pini, nyingine ya 470 kutoka pini hiyo hadi ardhi ya umeme (GND). Volti zitashuka hadi karibu 2.9. (Mimi nilijifunza kwa kuunguza pini.) Sensa za unyevu wa udongo zinazotoa analogia (volti inayopanda na kushuka taratibu), Pi haizisomi yenyewe, zinahitaji chipu ya kugeuza volti hizo kuwa namba, kama MCP3008. gpiozero inaifahamu, ila kuichomeka ni juu yako.