Shule za mkataba: ni nini, na zimeipa nini elimu ya umma ya Marekani

Familia ikitoka Nairobi, Bukavu au kambi ya Nyarugusu na kuhamia Minneapolis au Columbus, haichukui muda kabla ya kusikia habari za charter school, yaani shule ya mkataba. Ni shule yenye jina lake, sare zake na taratibu zake, na mzazi akiiona huuliza kwanza karo ni kiasi gani. Hakuna karo. Hiyo ni shule ya umma, ila imekabidhiwa watu wengine waiendeshe kwa mkataba.

Shule za kawaida za umma nchini Marekani huwa chini ya bodi ya elimu ya wilaya. Bodi hiyo ndiyo inayoajiri walimu, kupanga ratiba na kugawa fedha. Shule ya mkataba ina bodi yake yenyewe, mara nyingi ya shirika lisilotafuta faida, iliyotia saini makubaliano na chombo kilichoruhusiwa na sheria ya jimbo: wilaya, chuo kikuu au tume maalumu. Makubaliano hayo hueleza watoto watafundishwa nini, watapimwaje, na shule inatakiwa kufikia wapi baada ya muda fulani, ambao mara nyingi ni miaka mitano. Shule inaachiwa uhuru wa kuamua mambo mengi, kama urefu wa siku ya masomo, namna ya kuajiri na matumizi ya bajeti. Ikishindwa kutimiza ilichoahidi, mkataba hauongezwi na shule inafungwa.

Kuna mambo ambayo uhuru huo hauyagusi. Shule hairuhusiwi kutoza ada, kufundisha dini kama imani, kumkataa mtoto mwenye ulemavu, wala kukwepa mitihani ya jimbo. Maombi yakizidi nafasi, majina huchezeshwa bahati nasibu. Fedha humfuata mtoto: mwanafunzi akihama kutoka shule ya wilaya, sehemu kubwa ya fedha zake za umma huhama naye. Majengo ndiyo tatizo kubwa, kwa kuwa shule nyingi za namna hii hazipewi jengo na hulazimika kupanga.

Wazo lenyewe lilitoka kwa walimu, na jambo hili husahaulika sana. Profesa Ray Budde wa Massachusetts ndiye aliyependekeza kwamba walimu wapewe hati ya kuendesha programu zao. Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, alilibeba wazo hilo kitaifa. Alitaka vikundi vidogo vya walimu vijaribu njia mpya za kuwafundisha hasa watoto walioshindikana kwenye mfumo uliokuwepo, kisha waliyojifunza yarudi katika shule zote. Minnesota ilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 1992 City Academy ikafunguliwa mjini St. Paul kwa vijana waliokuwa wameacha masomo. Baadaye Shanker mwenyewe aligeuka mkosoaji, alipoona wazo limeanza kutumiwa na makampuni na watu waliotaka kuvikwepa vyama vya walimu. Hata hivyo shule ziliongezeka. Katika mwaka wa masomo 2021/22 zilikuwa na wanafunzi milioni 3.7 hivi, na Minnesota leo zipo zinazohudumia zaidi watoto wa Kisomali na wa Kihmong, jamii yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Kila mwezi Mei huwa kuna wiki ya kitaifa ya kuziadhimisha. Bill Clinton, George W. Bush, Barack Obama na Donald Trump, wote walipokuwa madarakani walitoa matamko rasmi ya kuzipongeza. Ni nadra kukuta jambo la elimu linalosifiwa na marais wa vyama vyote viwili namna hiyo. Lakini sifa za jumla hazimsaidii mzazi wala mwalimu, kwa sababu shule hizi hazifanani hata kidogo.

Watafiti wa CREDO, kituo cha utafiti wa elimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa ripoti mwaka 2009 iliyoonyesha kwamba katika hesabu, asilimia 17 ya shule za mkataba walizozichunguza zilifanya vizuri kuliko shule za kawaida zilizolinganishwa nazo, na asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilikuta hali imebadilika: kwa wastani, wanafunzi wa shule za mkataba walikuwa mbele kwa kiasi kinacholingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Zile zinazofundisha kwa intaneti peke yake zilibaki nyuma sana. Ohio ilikuwa na moja kubwa ya aina hiyo, Electronic Classroom of Tomorrow. Jimbo lilitaka irudishe makumi ya mamilioni ya dola baada ya kushindwa kuthibitisha kwamba wanafunzi waliolipiwa walikuwa wanasoma kweli. Januari 2018 ikafungwa, na watoto wapatao 12,000 wakabaki wakitafuta shule katikati ya mwaka. Kufunga shule mbovu ni sehemu ya makubaliano, lakini anayeumia kwanza ni mtoto.

Malalamiko ya wilaya nayo ni ya haki. Wanafunzi kumi wakiondoka, mmoja mmoja kutoka madarasa kumi, wilaya inapoteza fedha zao, lakini bado inahitaji walimu kumi, jiko lile lile na paa lile lile. Hofu hiyo ilisikika wazi Massachusetts mwaka 2016, wapiga kura walipokataa kuongeza idadi ya shule za mkataba, ingawa za Boston zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi nchini.

Tunajua kwamba za Boston zilifanya vizuri kwa sababu ya ile bahati nasibu. Kwa kawaida ukilinganisha shule mbili huwezi kujua kama iliyofaulu imefundisha vizuri au imepokea tu watoto wa wazazi wenye bidii. Kwenye bahati nasibu, wazazi wote wameomba. Mtoto mmoja amepata na mwingine amekosa kwa bahati tu, hivyo baada ya miaka miwili mitatu ukikuta pengo kati ya kundi la waliopata na kundi la waliokosa, pengo hilo limeletwa na shule. Watafiti wa Boston, akiwemo mwanauchumi Joshua Angrist wa chuo kikuu cha MIT, walilikuta pengo hilo, na lilikuwa kubwa, hasa katika hesabu. Kwangu mimi huu ni mchango mkubwa kuliko hata alama zenyewe, maana elimu ya umma ilipata njia ya haki ya kujua kinachofanya kazi.

Wanauchumi Will Dobbie na Roland Fryer wakauliza swali lililofuata: ndani ya shule nzuri kuna nini? Walichunguza shule 35 za mkataba mjini New York. Ukubwa wa darasa, fedha kwa kila mtoto na vyeti vya walimu havikueleza tofauti kati ya shule nzuri na dhaifu. Kilichoeleza ni mwalimu kutembelewa darasani na kupewa maoni mara kwa mara, kutumia matokeo ya watoto kupanga masomo, masomo ya ziada kwa vikundi vidogo mara nyingi kwa wiki, muda mrefu zaidi wa kusoma, na kumtarajia kila mtoto afike mbali.

Kuanzia mwaka 2010 mambo hayo matano yakapelekwa Houston, mji wa jimbo la Texas, katika shule 20 za kawaida za wilaya zilizokuwa zinashindwa. Watoto walikuwa wale wale wa maeneo ya shule hizo, bila kuchagua wala kuomba nafasi. Wakuu wa shule walibadilishwa, na walimu wengi pia, siku ikarefushwa, na wanafunzi wa darasa la sita na la tisa wakapewa wakufunzi wa hesabu, mkufunzi mmoja kwa watoto wawili. Alama za hesabu zilipanda kwa kiasi kinachokaribia kile cha shule bora za mkataba. Za kusoma hazikusogea sana. Fedha nyingi zilitumika, na kuwaondoa walimu kuliumiza watu waliokuwa wametumikia shule hizo kwa miaka. Lakini kile alichokiomba Shanker mwaka 1988, kwamba kinachogunduliwa pembeni kirudi kwa watoto wote, Houston kilifanyika mbele ya macho ya watu na kikapimwa. Wiki ile ya Mei ingefaa kuanza kwa kutaja hesabu za Houston, na hapo hapo itaje kwamba kusoma bado hakujapatiwa jibu.