Karatasi ya labo bado inasema "chanya": maswali kutoka Bukavu

Nilipima damu, nikakutwa na Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni. Nilimaliza dawa zote. Baada ya miezi mitatu nimepima damu tena: bado chanya! Dawa zilikuwa za uongo?

Si lazima, mama. Kipimo hicho hakitafuti mikrobi yenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili wako ulitengeneza dhidi yake. Hizo hubaki katika damu miezi mingi, hata miaka, baada ya mikrobi kwisha. Omba kipimo cha choo, kinachotafuta mikrobi yenyewe, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na wiki mbili bila omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi), daktari akikubali. Kurudishiwa antibiotiki kwa karatasi ya damu peke yake ni jambo linaloniudhi.

Asidi ya tumbo si inaua kila kitu?

Karibu kila kitu. Huyu ana kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka. Kisha anaogelea kwa mikia yake hadi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Madaktari wengi walikataa kuamini kwamba mikrobi anaweza kuishi tumboni na kuleta ugonjwa, hadi daktari Barry Marshall wa Australia alipokunywa mikrobi hao mwenyewe mwaka 1984, akaugua. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005.

Mwili nao unafanya nini?

Umewahi kulala Kadutu, hapa Bukavu, usiku wezi wakiingia? Nyumba moja inapiga sufuria, ya pili filimbi, mara mtaa mzima uko nje. Seli za ukuta wa tumbo hupiga kelele hivyo kwa kemikali. Seli nyeupe za damu huitika: neutrofili hufika kwanza, halafu limfosaiti; za aina ya B ndizo zinazotengeneza kingamwili. Lakini mwizi kajificha ndani ya ute, wanakofika wachache. Mikia yake haishtui vipokezi vinavyotambua mikia ya bakteria wengine, na sumu yake moja hulegeza limfosaiti T. Basi mawe yanarushwa usiku kucha, na yanaangukia nyumba yako. Hiyo ndiyo gastriti, uvimbe wa ukuta wa tumbo. Wengi hawasikii kitu. Wengine hupata kidonda, wachache saratani, baada ya miaka mingi.

Niache pilipili kwenye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani?

Ikikuunguza, punguza. Haileti kidonda. Mimi ningeogopa zaidi ibuprofen unayomeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Na ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kipimo chochote: hospitali siku hiyo hiyo.