Dhiki ya kimaadili: unajua la kufanya, umezuiwa

Sisi wapenzi wa sizoni za hospitali, daktari akipiga ukuta ngumi tunasema "ana stresi", basi yamekwisha. Neno hilo limebebeshwa mizigo miwili.

Wa kwanza ni uchovu wa kazi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa 2019 inautaja kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa: mtu huishiwa nguvu, kazi humchukiza, ufanisi hushuka. Kondakta wa daladala ya Mbagala anaujua vizuri.

Wa pili ni dhiki ya kimaadili. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa wa Marekani, akiandika kuhusu wauguzi, aliieleza hivi: mtu analijua jambo lililo sahihi, ila vizuizi vya taasisi vinamfanya karibu ashindwe kabisa kulitenda. Usiichanganye na mtanziko. Kwenye mtanziko hujui ushike lipi. Hapa unajua, na kujua kwenyewe ndiko kunakouma.

Jirani yangu hapa Temeke ni nesi. Alinisimulia zamu moja ya usiku: dawa ipo kabatini, mgonjwa yupo kitandani, risiti haipo, na ndugu bado wanahangaika kutafuta hela. "Ningekuwa sijui la kufanya ningelala," aliniambia.

Tamthilia ya ER, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2009, iliweka mambo haya katika hospitali ya umma ya kubuni mjini Chicago. Wagonjwa wanafurika, vitanda vinajaa, na ndoa ya Daktari Mark Greene inavunjika huku kazi ikimla saa zake. Hapo waandishi walicheza vizuri: wodi na sebule hazina ukuta kati yake. Saa ambazo hospitali inazihitaji, mke ndiye anayezilipa.

Sizoni dhaifu humpeleka daktari ufukweni wiki moja, akarudi anatabasamu. Likizo hupunguza uchovu, sikatai. Lakini kanuni iliyomfunga mikono anaikuta palepale alipoiacha.

Jirani huyo huja kwangu kutazama. Mapenzi ya madaktari hayamshughulishi hata kidogo. Yeye humtafuta kwenye kioo yule anayeshika funguo za kabati la dawa.