Madhara ya UVIKO-19 yaliyobakia: maswali yanayoulizwa Mtwara na Lindi

Ugonjwa huu si ulikwisha? Kwa nini uzungumzwe tena?

Kilichokwisha ni hali ya dharura. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, lakini halikusema kwamba kirusi kimetoweka. Hapa Tanzania, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shughuli za kila siku zilirejea mapema kuliko katika nchi nyingi, na leo alama za wakati ule hazionekani kwa urahisi: labda ndoo ya kunawia iliyokauka mlangoni mwa zahanati, koki imelegea, kipande cha sabuni kimepasuka kwa jua. Madhara yaliyobakia yako kwingine: sehemu mwilini mwa waliougua, na sehemu kubwa zaidi katika huduma zilizokatika na katika imani ya watu kwa huduma hizo.

Tangu nilipougua mwaka 2021 sijarudi katika hali yangu. Nikipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani nasimama mara mbili tatu nivute pumzi. Je, hii ni korona iliyobakia?

Inawezekana, ila lisiwe jibu la kwanza. Kwa maelezo ya WHO ya Oktoba 2021, hali inayofuata UVIKO-19 ni ile ambayo dalili zake zipo kwa kawaida miezi 3 tangu mtu aanze kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Zinazotajwa zaidi ni uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika, kukosa pumzi, na akili kuwa nzito kiasi cha kusahau au kushindwa kufuatilia jambo.

Sharti la mwisho, la kutokuwepo ugonjwa mwingine, ndilo lenye uzito katika mikoa yetu. Mkulima anayepuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), mara nyingi akiwa amejifunga kitambaa tu puani, anavuta vumbi linalochoma njia ya hewa. Mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha anavuta moshi kila siku. Upungufu wa damu, presha ambayo haijawahi kupimwa, moyo uliodhoofika na kifua kikuu vyote humfanya mtu aheme. Kuhusu kifua kikuu pana jambo la kusikitisha: mwaka 2020 vifo vyake duniani viliongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10, kwa kuwa wagonjwa wengi hawakufika kupimwa na kuanzishiwa dawa. Kwa hiyo anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apeleke makohozi kituoni bila kukisia chanzo. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Ukifika kituoni, eleza ulivyokuwa kabla ya kuugua na unavyojisikia sasa, kisha uombe kupimwa presha, sukari, wingi wa damu na kiwango cha oksijeni, ambacho hupimwa kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Zahanati isiyokuwa na vipimo hivyo itoe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa: Ligula mjini Mtwara, au Sokoine mjini Lindi.

Ikibainika kuwa ni matokeo ya korona, kuna dawa?

Hakuna dawa moja inayoiondoa. Wengi hupata nafuu polepole, na kinachosaidia ni kugawa kazi: kupalilia kidogo asubuhi, kupumzika kabla ya kuchoka kabisa, na kutojilazimisha siku ambayo mwili umepata nguvu, kwa maana baadhi ya wagonjwa hulala siku kadhaa baada ya siku moja ya kujituma. Aliyepoteza uwezo wa kunusa anaweza kuuzoesha upya kwa kunusa kwa makini karafuu, limau au mchaichai, asubuhi na jioni, kwa miezi kadhaa. Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, haitibu hali hii, na maji yake ya moto yameunguza watu. Dawa za jamii ya deksamethasoni zisinunuliwe dukani bila maelekezo ya daktari, kwani hupandisha sukari na kudhoofisha kinga ya mwili.

Watoto waliokosa chanjo wakati ule wamechelewa?

Baadhi ya chanjo bado wanaweza kupewa. Chukua kadi ya kliniki umwoneshe muuguzi, hata kama imechanika. Afrika ilithibitishwa kuwa huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020, kisha virusi hivyo vikagunduliwa Malawi mwanzoni mwa mwaka 2022 na Msumbiji miezi michache baadaye. Msumbiji iko ng'ambo ya mto Ruvuma, na watu huvuka kila siku, kwa hiyo mtoto aliyekosa chanjo ya polio bado yuko hatarini.

Kwa nini bado wapo wanaoogopa hospitali na kushuku matangazo ya afya?

Nadhani jeraha hili ni gumu kupona kuliko la mapafu. Kuanzia Mei 2020 takwimu za wagonjwa hazikutolewa kwa takriban mwaka mzima. Julai 2021 chanjo ikazinduliwa. Na mwananchi akaachwa kati ya mambo mawili yasiyopatana: kwanza kimya kuhusu ugonjwa, kisha wito wa kuchanjwa. Mashaka yake hayakutokana na ujinga.

Hata hivyo Lindi yenyewe imeonesha faida ya kutoa taarifa mapema. Mnamo Julai 2022 watu wa Ruangwa waliugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa damu puani. Serikali ilitangaza wagonjwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki, na ikaeleza kuwa vipimo havikuonesha Ebola, Marburg wala UVIKO-19. Ilikuwa homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na kuingia mwilini kwa maji au udongo uliochafuliwa. Inatibika kwa viuavijasumu, hasa mgonjwa akiwahi. Bila majibu ya maabara, kijiji kizima kingeweza kudhani korona imerudi, au kutafuta mchawi.

Mzee wetu alifariki wakati wa korona na tukazika kwa haraka. Mama hajatulia hadi leo. Je, huo nao ni ugonjwa?

Huzuni yenyewe si ugonjwa. Huwa ugonjwa inapomzuia mtu kula, kulala na kufanya kazi kwa muda mrefu. WHO ilikadiria kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, na msiba usiokamilika kwa desturi ni miongoni mwa mizigo ya wakati ule. Kisomo au ibada ya kumbukumbu inaweza kufanyika hata sasa, na wengi hufarijika. Iwapo mama haoneshi nafuu, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze hivyo hivyo, msiseme anaumwa kichwa tu. Akitamka kwamba hataki kuishi, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyo hiyo, na viuatilifu vya korosho vilivyobaki stoo vifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine.