Uwanda wa mafuriko ni nini, na mto huutengenezaje

Mwaka 1989 mashamba ya pamba ya Hola, kando ya mto Tana nchini Kenya, yalikosa maji ingawa mto haukukauka. Ulikuwa umehama. Mkondo uliiacha mitambo ya kusukuma maji ukajitafutia njia nyingine, na mradi wa umwagiliaji uliokuwapo tangu miaka ya 1950, enzi za ukoloni, ukaanguka. Anayeujua mto kwa kuutazama kwenye ramani, mstari wa buluu uliotulia pale pale kila mwaka, ataona ni ajabu. Aliyekulia Tana atakuuliza tu umehamia upande gani.

Kuhama huko ndiko kunakotengeneza kitu kinachoitwa uwanda wa mafuriko. Vitabu vya jiografia husema ni ardhi tambarare iliyo kandokando ya mto, ambayo maji huifunika mto unapofurika. Ni kweli, lakini maelezo hayo yameacha nusu ya habari. Ardhi hiyo imejengwa na mto wenyewe. Chota konzi moja ya udongo wake popote pale, na karibu yote iliwahi kusafiri ndani ya maji.

Safari inaanzia mbali. Tana huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na urefu wake ni takribani kilomita 1,000. Kule juu maji yana mteremko mkali, kwa hiyo nguvu zake nyingi huishia kuchimba kwenda chini na kuviringisha mawe. Mvua ikipiga mashamba ya miinuko, udongo mwekundu unashuka nayo. Ukifika Garissa mambo yamebadilika. Mji huo uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na bahari bado iko zaidi ya kilomita 200 mbele. Mteremko hauzidi mita moja kwa kila kilomita. Mto uliokuwa ukichimba chini sasa unaanza kula pembeni, na hapo ndipo unapoanza kujipinda.

Kwa nini ujipinde? Weka kikombe cha chai ya majani ambayo haikuchujwa, uikoroge, kisha utoe kijiko. Ungetarajia majani yatupwe ukingoni mwa kikombe, lakini yanakusanyika katikati, chini kabisa. Albert Einstein aliandika makala kuhusu jambo hili mwaka 1926, na alikuwa anaeleza mito. Maji yanayozunguka hurundikana ukingoni, yakapanda kidogo. Yaliyo chini kabisa hucheleweshwa na msuguano wa sakafu ya kikombe, kwa hiyo hayana kasi ya kupambana na uzito wa yale yaliyorundikana. Yanasukumwa kurudi katikati, na majani yanafuata.

Kwenye kona ya mto ni vivyo hivyo. Maji ya juu hukimbilia ukingo wa nje, yanazama pale, kisha yanarudi kwa chini kuelekea ukingo wa ndani yakikokota mchanga. Ukingo wa nje unalika kuanzia chini. Kwa muda utaona ardhi ya juu bado ipo, pengine na mwembe umesimama huku mizizi yake nusu ikining'inia hewani, halafu siku moja maji yakipungua kipande chote kinapomoka. Kinapomoka maji yakipungua kwa sababu ukingo ulioloa umekuwa mzito na hauna tena maji ya kuuegemeza. Ng'ambo ya pili, upande wa ndani wa kona, maji ni ya polepole na mchanga unatua. Hilo ndilo fungu la mchanga ambalo watoto huchezea na mamba hulala juani.

Kwa hiyo mto unamega huku na kujaza kule, upana wake ukibaki karibu ule ule. Fungu la mwaka huu likiota nyasi litapata matope ya mafuriko yajayo, litaota vichaka, mwishowe miti, na mto utakuwa umeshasogea. Chimba kisima kwenye uwanda kama huo utaisoma historia hiyo kwa kwenda chini: juu udongo laini wa mfinyanzi, kisha mchanga mwembamba, kisha mchanga mnene, na pengine changarawe mwishoni. Changarawe ndiyo sakafu ya mto wa zamani. Umechimba kisima ndani ya mto uliohama, na ndiyo maana mara nyingi maji hupatikana bila kwenda kina kirefu.

Mchanga, udongo na changarawe hizo wataalamu huziita mashapo, yaani kila kilichobebwa na maji kisha kikatua. Jinsi yanavyotua inategemea ukubwa wa chembe. Mchanga huhitaji maji yenye kasi. Kasi ikipungua kidogo tu, unaanguka. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, na huweza kuelea siku nyingi ndani ya maji yaliyotulia. Ina kiburi kingine pia: ikishashikamana na wenzake ni ngumu kung'olewa kuliko mchanga, ingawa ni nyepesi zaidi.

Sasa fikiria mto unavyovuka ukingo wake. Ndani ya mkondo maji yalikuwa yakikimbia; yakishatoka tu yanakutana na nyasi, vichaka na kina kifupi, yanapoteza kasi papo hapo. Mchanga unaangushwa pale pale ukingoni. Mfinyanzi unaendelea hadi mbali, unatua taratibu kwenye mabonde ya nyuma. Mafuriko baada ya mafuriko, ukingo unainuka na kuwa tuta la asili. Mgeni wa Tana hushangazwa na hili: akitoka mtoni kwenda mbali anateremka, badala ya kupanda. Wapokomo, wakulima wa kando ya Tana, wamelijua siku nyingi. Vijiji, migomba na miembe viko juu ya tuta, karibu na mto, na mpunga uko nyuma, kwenye udongo mzito unaoshika maji. Mbali zaidi ni malisho ambayo Waorma hushushia ng'ombe wao wakati wa kiangazi.

Kona nazo hazikui milele. Inapojipinda sana shingo yake huwa nyembamba, na mafuriko makubwa hukata njia ya mkato. Kona iliyoachwa huzibwa na mashapo kwenye ncha zake mbili ikabaki ziwa lenye umbo la upinde. Delta ya Tana ina maziwa ya aina hii, Shakababo likiwa mojawapo. Mafuriko huyajaza maji na samaki wapya. Yakikosa mafuriko miaka kadhaa yanageuka tope, na hapo kambare na kamongo ndio wanaovumilia.

Kuna kuhama kwa polepole, na kuna kuhama kwa ghafla. Mto unaoinua kingo zake huinua pia sakafu yake, mpaka unajikuta ukipita juu kuliko ardhi iliyo pembeni. Ukipasua tuta, hauna sababu ya kurudi. Wakati mwingine ni binadamu anayeuonyesha njia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili vyombo vipite. Maji ya Tana yaliipenda njia hiyo, yakaupanua mfereji, na leo mto mkubwa kuliko yote nchini Kenya unaingia baharini Kipini, kwa mlango uliokuwa wa Ozi.

Nadhani neno «mafuriko» limetuharibia fikra kidogo, kwa sababu redioni huja likiambatana na mahema na barabara zilizokatika. Kando ya Rufiji, Tanzania, kuna kilimo kiitwacho mlau: maji yakishapungua, wakulima hupanda kwenye udongo uliobaki na unyevu, bila mvua na bila mbolea ya dukani. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, na serikali ikawahamishia watu wengi kwenye ardhi ya juu, nje ya uwanda. Mashamba yao hayakuhamishika. Wengi waliendelea kushuka bondeni msimu wa kilimo na kulala kwenye madungu, vibanda vya miguu mirefu.

Mabwawa nayo yamebadilisha hesabu. Tangu Masinga lilipokamilika mwaka 1981, sehemu kubwa ya mashapo ya Tana ya juu hutua ndani ya bwawa. Mafuriko ya kawaida ya misimu miwili ya mvua yamepungua, hivyo mabonde ya nyuma hayapati tope wala maji kama zamani. Maji yanayotoka bwawani yameacha mzigo wake lakini nguvu bado yanazo, kwa hiyo huanza kuchota upya sakafu na kingo za huko chini. Msitu wa kando ya mto, ambamo anaishi mbega mwekundu wa Tana asiyepatikana kwingine duniani, hutegemea maji ya ardhini yanayofuata mto popote uendapo. Mto ukisogea mbali, miti mikubwa hukauka ikiwa imesimama. Miche nayo huhitaji tope jipya la kuotea.

Ukitaka kuyaona yote haya kwa macho, fungua picha ya setilaiti ya eneo lililo kati ya Hola na Garsen. Usiutazame mto wenyewe kwanza. Tazama nyasi na vichaka vya pembeni: utaona mistari mingi iliyopinda, imepangana kama alama za kidole gumba. Kila mstari ni ukingo ambao mto uliwahi kusimama. Baadhi imekatwa na mingine mipya zaidi, na katikati yake kuna mashamba, njia za ng'ombe na mabati ya nyumba za watu.